Kioo, Plastiki na Vumbi: Historia ya Miwani ya Kinga Kajiado na Kitengela

Kaunti ya Kajiado ina eneo la takriban kilomita za mraba 21,900, kuanzia mlangoni mwa Nairobi hadi mpaka wa Tanzania huko Namanga na Loitokitok. Sehemu yake kubwa ni nyanda kavu zilizo kati ya digrii 1 na 3 kusini mwa ikweta, ambako jua la mchana hupiga karibu wima mwaka mzima. Mji wa Kajiado uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na kadiri nchi inavyoinuka ndivyo miale ya urujuanimno inavyozidi makali, kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Ardhi nyeupe ya chokaa huurudisha mwanga huo usoni kutoka chini, mahali ambapo ukingo wa kofia hausaidii kitu. Vumbi hupeperuka kwa miezi mingi. Kuna inzi wafuatao ng'ombe, na kuna swila, nyoka anayelenga macho na kurusha sumu yake umbali wa mita 2 na zaidi. Haja ya kukinga macho katika nchi hii ni ya kale kuliko kiwanda au bunduki yoyote iliyoletwa humo. Miwani ni jawabu la juzi.

Wamaasai, wenyeji wa nyanda hizi, walilinda macho kwa mwenendo zaidi kuliko kwa vifaa. Jua lilipokuwa kali wachungaji walijisitiri chini ya migunga. Mzee aliyeshika usinga wa mkia wa nyumbu alikuwa na alama ya heshima yake mkononi, na wakati uo huo chombo cha kufukuzia inzi. Aliyetemewa na swila hakuwa na dawa ila kuoshwa jicho mara moja kwa maji mengi, na maji yakikosekana, kwa maziwa. Hospitali za leo nazo huanzia hapo hapo.

Adui mkubwa zaidi hakuzuilika kwa usinga. Trakoma, au vikope, huenezwa na bakteria kupitia vidole, vitambaa na inzi, na humwanza mtu akiwa mtoto mdogo. Ikirudi tena na tena kwa miaka, upande wa ndani wa kope hufanya kovu, kope hujikunja, na nywele zake huanza kulikwaruza jicho kila mtu anapopepesa, mpaka uoni unapotea. Wanawake huugua zaidi kwa sababu wao ndio walezi wa watoto. Wengi wao walitegemea kibanio kidogo cha chuma cha kung'olea nywele za kope, nafuu ya siku chache kabla hazijaota tena. Uchunguzi wa mwaka 2004 uliohusisha wilaya za Kajiado, Narok, Samburu, Pokot Magharibi, Baringo na Meru Kaskazini ulithibitisha kwamba trakoma ilikuwa bado tatizo la afya ya umma katika maeneo ya wafugaji. Tiba iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina mikono minne: upasuaji wa kope, dawa ya kuua bakteria, kunawa uso, na usafi wa mazingira. Miwani haimo. Mkebe wenye tundu dogo, uliotundikwa nje ya nyumba ili mtoto anawe uso kwa maji machache, una haki ya kuhesabiwa kifaa cha kwanza cha kisasa cha kukinga macho katika Kajiado, ingawa hakuna duka la miwani litakaloutaja.

Miwani yenyewe ilianza kuwa na kazi ya kufanya katika eneo hili pamoja na reli na magadi. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na tawi la reli lenye urefu wa kilomita 146 hivi likajengwa kutoka Konza, likapita Kajiado na kushuka Bonde la Ufa hadi Ziwa Magadi, ambako lilikamilika mwaka 1915. Ziwa hilo liko chini sana, kwenye mwinuko wa mita 600 hivi, na joto la mchana hufikia nyuzi 40. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya uso wake huwa ganda gumu la trona, yaani magadi ghafi, jeupe lenye michirizi ya waridi, na mtu anayesimama juu yake hupigwa na mwanga kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja. Macho yaliyokaa hapo kutwa bila kinga huwasha na kutoa machozi usiku, kama ya msafiri wa nchi za theluji.

Vumbi la magadi lina hatari yake ya pili, isiyoonekana upesi. Soda ni alikali, na alikali ikiingia jichoni haikomi juu ya ngozi ya jicho kama asidi nyingi zinavyokoma; huyeyusha mafuta ya chembechembe za mwili na kupenya ndani. Kwa hiyo miwani ya jua, hata iwe nyeusi kiasi gani, si kinga ya mfanyakazi anayevunja, kusaga au kupakia soda. Anachohitaji ni miwani ya kuziba, inayokaa usoni pande zote kwa ukingo wa mpira na kupumua kwa vitundu vilivyofunikwa. Kinga ya mwanga na kinga ya vumbi ni vitu viwili, na makosa mengi ya kununua miwani hata leo yanatokana na kuvichanganya.

Soda hiyo iliyokuwa ikidhuru macho ndiyo iliyokuwa ikienda kutengenezwa vioo. Mchanga mtupu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi. Ukitiwa soda, joto linalohitajika hushuka sana, na chokaa kidogo huufanya mchanganyiko usiyeyuke majini. Kioo cha kawaida cha dirisha au chupa kina takriban asilimia 70 ya silika na asilimia 15 ya soda. Karibu nusu ya soda inayotumiwa duniani huishia kwenye vioo, na kwa sababu hiyo behewa lililopita katika stesheni ya Kajiado likielekea bandari ya Mombasa lilikuwa, kwa maana fulani, limebeba madirisha ambayo bado hayajayeyushwa.

Katika miaka ile ile ya ujenzi wa reli, mwanasayansi wa Uingereza William Crookes alikuwa akishughulikia macho ya mafundi vioo. Wafua vioo waliotazama tanuru kwa miaka walikuwa wakipata mtoto wa jicho mapema kuliko watu wengine, na Crookes alijaribu mamia ya michanganyiko ya kioo akitafuta itakayozuia miale ya joto na ya urujuanimno bila kuufanya ulimwengu kuwa giza. Alitangaza matokeo yake mwaka 1913. Kabla ya hapo miwani ya rangi ilichaguliwa kwa kupendeza au kwa mazoea. Baada yake kila rangi ya lenzi ilianza kuulizwa inazuia nini na inapitisha nini. Hilo ndilo swali ambalo mnunuzi wa miwani ya shabaha, yaani ya kulengea bunduki, bado analiuliza.

Bunduki nazo zilifika Kajiado kwa njia mbili, uwindaji na vita. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka kwenye stesheni ya Kapiti na kuanza kuwinda katika nyanda za Athi na Kapiti, ambazo Kitengela ni upande wake wa magharibi. Roosevelt alikuwa na uoni hafifu tangu utotoni, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibiwa na ngumi katika mchezo wa ndondi alipokuwa rais. Alibeba jozi kadhaa za miwani ya akiba, kwa kuwa jozi moja ikivunjika porini safari ingekwisha. Hiyo ilikuwa miwani ya kusomea na kuonea tu, vioo vyembamba katika fremu ya chuma, na kama bunduki ingerudisha moto nyuma vingegeuka vigae mbele ya jicho. Wawindaji wengine hawakuvaa chochote.

Sehemu kubwa ya Kajiado ya leo ilikuwa wakati huo ndani ya Hifadhi ya Kusini ya Wanyama, ambamo leseni ya kawaida ya uwindaji haikufaa kitu. Uwindaji wa wageni ulifanyika pembezoni mwake. Vita vya Kwanza vya Dunia havikuomba leseni. Ilipofika mwaka 1914 reli ya Magadi ilikuwa tayari imefika Kajiado, na mji huo mdogo ukawa kituo cha nyuma cha majeshi ya Uingereza yaliyokabili koloni la Wajerumani. Kutoka hapo vikosi vilipita Bissil na Namanga kwenda kushambulia Longido tarehe 3 Novemba 1914. Njia hiyo haina maji, na udongo wake husagika kuwa unga chini ya kwato na magurudumu. Miwani ya madereva na waendesha pikipiki wa kijeshi wa enzi hiyo ilikuwa vioo viwili bapa vilivyoshikwa kwa ngozi au kitambaa, na ukanda wa kuzunguka kichwa. Vita hivyo ndivyo pia vilivyoeneza kioo cha tabaka, vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa seluloidi katikati, katika barakoa za gesi; kilipopasuka, vipande vilibaki vimenata mahali pake.

Miwani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kulenga shabaha ilianza kuuzwa kwa wingi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930. Kampuni ya Bausch & Lomb ya Rochester, iliyokuwa imetoa miwani ya marubani chini ya jina la Ray-Ban, ilitoa mwaka 1938 aina iliyoitwa Shooter, ikiwa na duara la chuma katikati ya vioo viwili, na mwaka uliofuata nyingine ya watu wa porini. Vioo vyake vilikuwa vya kijani kwa jua kali, au vya manjano kwa ukungu na mawingu. Kwa mara ya kwanza mlenga shabaha wa kawaida aliambiwa achague kioo kulingana na hali ya hewa. Akitaka vyote viwili, ilimbidi anunue miwani miwili.

Wawindaji wa Kajiado hawakuonekana kuwa na haraka. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alipopiga kambi Kimana, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 1953, picha za safari hiyo zinamwonyesha akiwa na miwani ya fremu nyembamba ya chuma, tofauti kidogo tu na ile ya Roosevelt wa miaka 44 nyuma. Hifadhi ya Kusini ilikuwa imevunjwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Amboseli imebaki kuwa hifadhi ya taifa, na maeneo mengine yalifunguliwa kwa uwindaji wa leseni, ambao ada zake zilikuja kuwa sehemu ya mapato ya baraza la wilaya. Biashara hiyo ilikoma ghafla Mei 1977, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Kwa hiyo maendeleo makubwa zaidi ya miwani ya shabaha yaliwapita wawindaji wa Kajiado: yalifika wakati wao wamekwisha kuondoka.

Maendeleo hayo yalianzia katika maabara za plastiki. Mwaka 1953 Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walivumbua polikaboneti. Ni plastiki angavu, nyepesi, inayonyumbuka kabla ya kuvunjika, na inayozuia karibu miale yote ya urujuanimno hata ikiwa haina rangi. Kofia za wanaanga wa Apollo zilitengenezwa kwayo. Kuanzia miaka ya 1970 ilianza kuingia kwenye miwani ya kazi, na kioo, ambacho Magadi ilikuwa imekilisha kwa zaidi ya nusu karne, kikapoteza nafasi yake mbele ya jicho la mlenga shabaha. Kioo kilibaki na sifa moja ambayo plastiki haijaifikia: hakikwaruziki kwa urahisi. Katika nchi ya vumbi hilo si jambo dogo, na lenzi za polikaboneti hupakwa utando mgumu ili kupunguza udhaifu huo, ingawa hauondoki wote.

Tofauti ya nguvu inaonekana katika majaribio ya viwango. Kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI Z87.1 kinadai kwamba lenzi ya daraja la juu istahimili gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 6.35 inayokuja kwa mita 45.7 kwa sekunde, na pia uzito wa gramu 500 unaoangushwa kutoka urefu wa sentimita 127. Kiwango cha Ulaya, EN 166, kiliweka herufi: F kwa mita 45 kwa sekunde, B kwa mita 120, A kwa mita 190, ingawa daraja hizo mbili za juu haziwezi kudaiwa na miwani ya kawaida ya mikono. Jeshi la Marekani lilitaka zaidi, kipande cha chuma kinachokuja kwa kasi ya karibu mita 195 kwa sekunde. Hakuna hata kimoja kati ya viwango hivi kinachoahidi kuzuia risasi ya bunduki. Kinachozuiwa ni yale yanayompata mlenga shabaha mara kwa mara: ganda la moto linaloruka kutoka bunduki ya jirani, unga usioungua, vipande vya risasi vinavyorudi kutoka kwenye shabaha ya chuma, na kokoto inayorushwa na risasi iliyopiga chini.

Wazo la fremu moja yenye lenzi za kubadilisha lilitoka angani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia marubani wa Marekani walipewa miwani ya B-8, iliyokuja katika kisanduku pamoja na lenzi za ziada za rangi tofauti, kwa sababu rubani aliyepaa alfajiri hakujua atakutana na mawingu au jua. Plastiki ndiyo iliyolifanya wazo hilo kuwa rahisi, kwani lenzi ya kioo haipindiki na lenzi ya polikaboneti huweza kukunjwa kidogo, ikateleza kwenye mfuo wa fremu na kubana. Katika miaka ya 1990 waendesha baiskeli, askari na walenga shabaha walikuwa wakitumia miwani ya aina moja, kama M Frame ya Oakley, ambayo lenzi yake ni kipande kimoja kilichopinda kuufuata uso na ambayo hubadilishwa kwa vidole.

Wakati huo Kitengela ilikuwa inaacha kuwa malisho. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988, na muda mfupi baadaye eneo la viwanda vya kuuza nje lilianzishwa jirani, Athi River. Viwanja viliuzwa, nyumba zikajengwa kando ya barabara ya Namanga, na sensa ya mwaka 2019 ilikuta mjini humo watu zaidi ya 150,000. Mji unaojengwa kwa kasi hiyo unahitaji mageti, madirisha ya vyuma, mawe ya kuchonga, saruji na marumaru, na kila kimojawapo hurusha kitu machoni mwa fundi. Marumaru ya Kajiado ilikuwa ikichimbwa tangu zamani, na machimbo yake karibu na mji wa Kajiado yameacha herufi za kampuni, KMQ, kuwa jina la mahali.

Sheria ilikuwa imetangulia mji. Mwaka 1978, chini ya Sheria ya Viwanda, Kenya ilitoa kanuni maalumu za kukinga macho, zikitaja kazi ambazo mwajiri lazima atoe miwani au ngao. Mwaka 2007 Sheria ya Usalama na Afya Kazini ilichukua nafasi ya sheria hiyo ya zamani na kuvuka mipaka ya kiwanda hadi mahali popote pa kazi. Kwenye karatasi fundi wa sekta isiyo rasmi ya jua kali amefunikwa. Lakini fundi huyo kwa kawaida ni mwajiri wake mwenyewe, na kanuni inayomwamuru mwajiri amnunulie miwani inamrudia mfukoni.

Jambo linaloonekana katika karakana nyingi za kando ya barabara ni fundi wa kuchomelea aliyevaa miwani ya jua ya mitumba. Kosa hilo ni la zamani lile lile la Magadi, la kudhani kwamba giza ni kinga. Mwako wa kuchomelea kwa umeme hutoa urujuanimno mkali mno, na lenzi ya kuutazama hupimwa kwa nambari za giza, kwa kawaida kuanzia 9 hadi 13, ilhali miwani ya jua haifiki hata karibu na hapo. Aliyeutazama bila ngao hahisi kitu mara moja. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, kama mchanga uliomwagwa chini ya kope. Kwa upande mwingine, fundi wa grainda hahitaji giza hata kidogo; anahitaji lenzi angavu isiyovunjika, yenye ubavu uliofunika. Hapo fremu ya lenzi za kubadilisha inaweza kumfaa fundi kwa kazi zake zote isipokuwa kuchomelea. Hakuna lenzi ya shabaha, hata iliyo nyeusi kuliko zote, inayofaa kwa kazi hiyo.

Kitengela ina pia kioo chake, na kinatengenezwa kwa namna inayomrudisha msomaji kwa Crookes. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 msanii mzaliwa wa Ujerumani, Nani Croze, alijenga makazi na karakana kwenye ukingo wa Mbuga ya Nairobi, upande wa Kajiado, akianza na vioo vya rangi vya madirisha. Mwanawe Anselm Croze baadaye alianzisha karakana ya kioo cha moto, ambamo vigae vya madirisha na chupa vilivyotupwa huyeyushwa upya katika tanuru zinazochomwa kwa mafuta machafu ya injini. Kioo kinapopashwa katika mwali, sodiamu iliyomo hutoa mwanga mkali wa manjano unaomficha fundi asione anachofanya. Mafundi wa mwali duniani kote huvaa lenzi zenye madini ya didimiamu, yanayokata manjano hiyo peke yake na kuacha rangi nyingine zipite. Mbele ya mdomo wa tanuru kubwa hatari ni miale ya joto, na lenzi ya kazi hiyo ni nyingine. Kazi moja, lenzi mbili.

Bunduki halali zilizobaki Kajiado baada ya 1977 ni za polisi, askari wa wanyamapori na raia wachache wenye leseni. Baada ya shambulio la kigaidi la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola yalipata washiriki wengi zaidi nchini, na mwishoni mwa 2018 Bodi ya Leseni za Silaha iliwataka wamiliki wote wajitokeze kuhakikiwa upya. Katika viwanja vya mashindano ya IDPA, chama cha kimataifa cha walenga bastola, kinga ya macho na ya masikio ni sharti kwa kila aliyepo, mtazamaji pamoja na mlengaji. Miwani ya shabaha imerudi hivyo, mikononi mwa watu wa mjini zaidi kuliko wa porini.

Kwa mtu wa Kitengela au Kajiado, kuchagua lenzi kunategemea saa. Karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama upesi. Giza hugeuka mwanga kamili kwa muda wa nusu saa hivi, na mazoezi yaliyoanza kwa lenzi angavu yanaweza kuhitaji lenzi ya kijivu kabla ya chai. Lenzi angavu ndiyo ya kununua kwanza, kwa kuwa inafaa alfajiri, jioni, ndani ya jengo na katika karakana. Ya pili ni ya kijivu au hudhurungi, kwa saa za mchana. Kijivu huziacha rangi kama zilivyo, hudhurungi huongeza kidogo utofauti wa vitu na udongo. Lenzi ya manjano huuzwa kwa sifa nyingi. Inakata mwanga wa buluu, ambao ndio hutawanyika zaidi hewani, na asubuhi za mawingu za Julai mandhari huonekana kama yamenoleka. Wataalamu wa macho hawajakubaliana kama jicho kweli huona zaidi au huhisi tu hivyo, na kwa jua la Kajiado la saa sita haifai kitu. Zile nyekundu na za zambarau zilibuniwa kwa ajili ya sahani za udongo za rangi ya chungwa zinazorushwa angani. Mlenga bastola hazihitaji.

Fremu ni muhimu kuliko rangi. Ikiwa kuna nafasi ya kidole kati ya fremu na shavu, vumbi litapita, na ganda la moto pia, ambalo likikwama ndani ni balaa kuliko kutovaa chochote. Mikono ya fremu iwe myembamba ili vizuia kelele vikae juu yake bila kuacha mwanya. Kila lenzi inayobadilishwa, hata ya akiba, sharti iwe na alama yake ya kiwango, maana alama ya fremu haisemi lolote kuhusu lenzi. Katika bidhaa za bei nafuu mara nyingi ni fremu tu iliyochapwa. Mwenye miwani ya daktari hana budi kuchagua kati ya kipachiko cha ndani chenye namba zake na miwani ya kuvaa juu ya ile ya kawaida. Miwani ya kusomea pekee, hata ikiwa ya plastiki, haikupimwa kwa mapigo hayo.

Baada ya kununuliwa, lenzi huharibiwa na kufutwa kuliko na risasi. Vumbi la Kajiado lina chembe za mawe magumu, na kulifuta kwa ncha ya shati ni kulisugua juu ya utando. Lenzi humwagiwa maji kwanza, kisha hupanguswa kwa kitambaa laini. Petroli na thina, ambazo hazikosekani katika karakana, huifanya polikaboneti iwe na nyufa za ndani zisizoonekana, na lenzi iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani huchoka mapema. Iliyopigwa kwa nguvu hubadilishwa hata kama haionyeshi alama, na hapo ndipo fremu ya kubadilisha lenzi hurudisha gharama yake, kwa sababu kinachotupwa ni kipande kimoja cha plastiki tu.